Bei Iliyo Chini ya Shuka

Swali langu ni dogo lakini limekaa nami muda: mtu akienda soko la watu wengine ili aonje utamaduni wao, ana haki ya kuona nini? Kila kitu?

Nauliza kwa sababu karibu kila ushauri wa kusafiri siku hizi unasema hivyo hivyo. Usiende supamaketi, nenda soko la wenyeji, huko ndiko utawajua watu. Ni ushauri mzuri. Supamaketi zinafanana kote duniani, hadi ule ubaridi wa mlangoni, lakini soko moja halifanani na lingine. Ila kuna jambo ushauri huo unaliruka, na mimi nimeliona vizuri kwetu Garissa, kwenye soko la mifugo, siku ya Jumatano.

Kwa wale hawajafika: Garissa iko kama kilomita 370 kutoka Nairobi. Ukivuka daraja la Mto Tana, umeingia. Soko letu la mifugo ni moja ya makubwa zaidi Afrika Mashariki. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wanaletwa kutoka Wajir, kutoka Tana River, na hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, wengine wametembea siku nyingi. Wanapakiwa kwenye malori, wanafika Nairobi au Mombasa, kisha wanakuwa nyama choma kwenye sahani ya mtu ambaye hajui walianzia wapi. Pale sokoni kuna vumbi, kelele, vijana wa fimbo, akina mama wa chai na wa maziwa ya ngamia. Ni mahali pa wazi kabisa. Hakuna ukuta unaokuzuia kuona.

Halafu katikati ya uwazi huo wote, jambo muhimu zaidi linafanywa kwa siri. Wanaume wawili wanasimama karibu, kama watu wamesalimiana wakasahau kuachana. Mmoja anavuta shuka lake la begani, anafunika mikono yote miwili. Chini ya shuka vidole vinaongea. Akikushika kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, mkono mzima ni tano. Kama hiyo moja ni elfu moja au elfu kumi, wote wawili wanajua, manake mnyama mwenyewe amesimama mbele yao. Ni njia ya zamani ya wafanyabiashara Wasomali, utaikuta Burao na Hargeisa pia. Kwetu siku hizi wengi wanapatana kwa mdomo au kwa simu, lakini kwa wazee wengine shuka bado liko kazini.

Anayesimama katikati ya muuzaji na mnunuzi anaitwa dilaal. Ni ndugu ya neno dalali, yote mawili yametoka Kiarabu. Mtaani Nairobi dalali, au broka, ni mtu wa kukuuzia ploti hewa. Kwetu kazi ya dilaal ya kwanza ni kumdhamini muuzaji. Mnunuzi aliyetoka mbali hamjui yule mchungaji, na hawezi kujua kama fahali ni wake au ameibwa usiku wa juzi. Anamjua dilaal. Fahali akija kudaiwa na mwenyewe, dilaal ndiye atatafutwa, amlete muuzaji ama alipe. Kwa hivyo anachouza hasa ni jina lake.

Sasa aje mgeni. Na simzungumzii mgeni mbaya. Wengi wenu mnaijua Garissa kwa asubuhi moja tu, 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa kwenye chuo kikuu. Kijana anayekuja na kamera kuonyesha kwamba huku pia watu wanacheka, wananunua nyanya na kubishana kuhusu mpira, anatufanyia jema. Mwaka jana nilimtembeza mmoja wao. Hiyo ndiyo kazi yangu, siku nyingine naandika, siku nyingine natembeza watu, nalipwa kwa siku. Alipiga picha ngamia. Akapiga picha akina mama wa maziwa, baada ya kuwaomba vizuri. Kisha akaona shuka. Akaniambia niwaombe wale wazee waliinue kidogo tu, sekunde tano, watu waone vile vidole vinafanya.

Nikatafsiri. Mzee mmoja akamwangalia, akanigeukia. "Adeer, mwambie anunue ngamia, tutamwonyesha vidole vyote." Watu wakacheka, mgeni pia akacheka, yakaisha.

Swali ndilo halikuisha. Jioni, tukinywa chai, aliniuliza kwa dhati: "Lakini kama ni utamaduni, si ni wa kuonyeshwa? Kwani wanaficha nini?"

Jibu langu linapitia kwa ngamia wetu. Mwaka wa 2019 nilipata nafasi ya chuo kikuu, na awoowe, babu yangu, akampeleka ngamia mmoja sokoni. Soko zima lilijua kwa nini anauza. Mjukuu anaenda chuo, karo inatakiwa wiki hiyo. Mtu anayejulikana ana haraka huuza vibaya, hiyo haihitaji digrii kuielewa. Lakini jambo moja soko halikulijua: aliuza kwa ngapi. Kama alipunjwa, alipunjwa peke yake. Alirudi nyumbani, akaketi, akanywa chai, akaongea kuhusu mvua.

Kisha mvua yenyewe ikakataa. Kiangazi kilichoanza mwisho wa 2020 kilimeza misimu mitano ya mvua mfululizo. Babu akauza wengine, wakiwa wamekonda, wakati kila mtu anauza na hakuna anayetaka kununua. Hizo bei pia hatukuambiwa. Mwaka wa 2022 hakukuwa na mnyama wa kuuza tena, nami nikaacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Mpaka leo sijui yule ngamia wa kwanza alileta pesa ngapi, na sitauliza. Nikijua, nitaanza kupiga hesabu: mihadhara mingapi kwa ngamia mmoja, semista ngapi kwa mbuzi wangapi. Nadhani babu hakutaka niwahi kupiga hesabu hiyo.

Basi nilimwambia mgeni kwamba wanaficha shida ya mtu. Ishara zenyewe si siri. Nilimfundisha pale pale mezani, kwa dakika kumi, na akazishika vizuri. Kinachofichwa ni nambari, yaani jibu la swali kwamba mtu huyu leo amebanwa kiasi gani.

Na hapo ndipo nikaanza kuona kwamba tulikuwa tunatafuta utamaduni mahali pasipo. Yeye alidhani uko chini ya shuka. Mimi naona uko nje ya shuka, kwa watu wote wanaosimama pale karibu na hakuna hata mmoja anayechungulia. Kitambaa ni kitambaa tu, upepo unaweza kukiinua. Kinachofanya shuka lifanye kazi ni mapatano ya soko zima ya kutotazama. Hilo huwezi kulipiga picha. Lakini unaweza kulishiriki, na bila kuwa Msomali, bila kununua ngamia, bila kujua neno moja la Kisomali. Ukigeuza macho, tayari umefanya kile wenyeji wanafanya.

Sasa nisikuuzie shuka kama kitu kitakatifu. Kuna hoja dhidi yake, na ni nzito. Mchungaji ametoka mbali, hajui bei ya mjini. Dilaal mwenye tamaa anaweza kupatana na mnunuzi kwa bei moja chini ya shuka hili, kisha akamshika mchungaji vidole vingine chini ya shuka lile, na tofauti ikaingia mfukoni mwake. Mtu wa rika langu atasema, na ana haki kusema, kwamba giza ni rafiki wa mwizi. Andika bei ubaoni, kila mtu asome, mambo yaishe.

Nakubali nusu. Kuna bei mbili hapa na tunazichanganya. Ya kwanza ni bei ya soko: fahali wa umri huu na unene huu anakwenda kwa ngapi wiki hii. Hiyo inafaa ijulikane na kila mtu, na anayemficha mchungaji habari hiyo anamwibia. Bahati nzuri simu imesaidia, siku hizi mchungaji anapigia jamaa yake Eastleigh hata kabla ya kuanza safari. Ya pili ni bei ya mtu: huyu mzee, kwa huyu ngamia, siku hii ya shida yake. Hiyo ni yake. Ni kama hospitali. Idadi ya wagonjwa wa malaria kaunti nzima ni habari ya umma, lakini faili lako si la umma. Kwa hivyo kabla ya kulisifu shuka au kulilaani, uliza linamfunika nani. Likimfunika mnyonge asiaibike, liache. Likimfunika mjanja asikamatwe, livue hata kwa nguvu. Shida ni kwamba ukiwa umesimama nje huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Anayeweza kujua ni yule ambaye mkono wake uko ndani, na ndiye mwenye haki ya kulivua.

Na kuna sababu nyingine ya watu wetu kuwa wazito kufunua mambo. Tumechunguliwa sana. Baada ya uhuru, eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Mwaka wa 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa ili kutenganisha nani raia na nani si raia, na waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi. Kadi ya kuthibitisha kwamba wewe ni wa kwenu! Hata baada ya hapo, kijana wa Garissa aliyetaka kitambulisho alipita mbele ya kamati, akaulizwa baba wa babu yake ni nani, huku wa rika lake wa kaunti nyingine nyingi anajaza fomu na kwenda nyumbani. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo. Tumefurahi. Lakini ukishalelewa namna hiyo, unajifunza kwamba kuonwa si jambo la bure. Kwenye barabara ile ile ya kilomita 370, mgeni anakuja kututazama kwa starehe, nasi tukienda kwake tunateremshwa kwenye basi, tunatazamwa kwa shaka. Ni macho tu, lakini macho hayo hayana bei sawa.

Usidhani hili ni la Garissa peke yake. Kusini mwa Vietnam, kwenye delta ya mto Mekong, kuna masoko ya majini, maarufu zaidi likiwa Cái Răng. Huko kila mashua ya biashara ina mti mrefu uliosimamishwa, na muuzaji anatundika juu yake kile anachouza, nanasi, boga, viazi, ili mnunuzi aone kwa mbali. Unaweza kusema ni kinyume cha shuka letu. Lakini ukiangalia vizuri, kwenye mashua hizo hizo kuna vitu vimetundikwa na haviuzwi: nguo. Familia nyingi zinaishi humo humo, zinafua na kuanika. Na mashua ikitundika jani la mnazi, maana yake mashua yenyewe inauzwa, nyumba nzima. Mtalii asiyejua anapiga picha nanasi, nguo na jani kwa furaha moja. Mwenyeji anaona chakula, anaona faragha ya watu, na pengine anaona msiba. Hata soko linaloonyesha kila kitu lina mahali pake pa kugeuza macho, ila uambiwe.

Kwa hivyo je, usije? Njoo. Soko bila wageni lingekufa, na hata neno mgeni kwetu lina heshima yake. Ninachosema ni kwamba soko la wenyeji halikupi haki ya kuona kila kitu kwa sababu tu halina mlango. Linakupa nafasi ya kuingia kwenye mapatano ya watu. Utaonyeshwa mengi, na yale hutaonyeshwa utasaidia kuyalinda, hata kama hakuna atakayekushukuru.

Na ujiandae na wewe kuonwa. Watu wetu wanauliza. Kabla hujauliza bei ya maziwa, mama muuzaji atataka kujua unatoka wapi, mama yako mzima, una watoto, kama huna kwa nini. Wageni wengine hukereka, wanaona ni udaku. Si udaku. Ni vile tunajua nani anaweza kumdhamini mwenzake. Mjibu, kisha mnunulie kikombe kimoja. Atakumiminia kidogo kwanza uonje, hiyo ni bure. Na ukisikia mzee nyuma yako akivuta shuka lake, endelea kunywa maziwa yako.