Je, Uchungu wa Mama Yangu ni Wangu Kuuonyesha?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye naye aliuacha mji aliozaliwa kwa sababu hakuachwa aishi humo kwa amani.

Ndugu zangu, swali ninalolileta ni hili: mtoto aliyerithi hofu ya wazazi wake ana haki gani juu ya hadithi ya hofu hiyo? Je, anaweza kuigawa kama mali yake, au ameachiwa amana ambayo si yake kuifungua?

Kwangu hili si swali la mjadala tu. Mwaka huu wenzangu wawili wa chuo waliniomba tutengeneze filamu ya uhalisia pepe kuhusu safari ya familia yangu kutoka Kongo hadi Nakivale. Kwa asiyeijua, filamu ya namna hii haitazamwi kwenye skrini ya ukutani. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote. Ukigeuka kulia unaona cha kulia, ukigeuka nyuma unaona cha nyuma. Wenye kazi hiyo husema kwamba mtazamaji hatazami tukio, bali yumo ndani yake.

Mimi nimepanga chumba Ruharo, hapa Mbarara, lakini kwetu ni Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na tangu hapo vita vya ukanda huu vimeendelea kuleta watu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Sisi tulitoka Rutshuru mwishoni mwa Oktoba 2008, waasi wa CNDP walipouteka mji, tukaingia Uganda kwa mpaka wa Ishasha. Nilikuwa na miaka 4 na sikumbuki chochote. Ninachokijua nimekipata kwa mama, na mama anaposimulia kuna mahali anaruka. Anaeleza jinsi mlango ulivyofungwa, nani alibeba sufuria, nani alinibeba mimi. Kisha anasema, "Tukalala njiani, asubuhi tukaendelea." Usiku ule hausemi.

Wenzangu walitaka usiku ule hasa. Nakivale wangeipiga kwa kamera ya nyuzi 360, na usiku wa njiani wangeuchora kwa kompyuta.

Je, hofu hurithiwa?

Mdogo wangu alizaliwa Nakivale mwaka 2010. Hajawahi kusikia bunduki. Lakini pikipiki ikipiga mlio usiku, anaamka na kushika viatu vyake. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Amekua akimwona mama akilala viatu vikiwa karibu na mlango, vidole vikielekea nje.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti juu ya wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, pamoja na watoto waliozaliwa kutokana na mimba hizo. Walilinganishwa na wanawake wa jamii hiyo hiyo waliokuwa wajawazito wakati huo lakini hawakuyapitia mauaji. Kwa mama na kwa watoto pia, dalili za kiwewe na huzuni zilikuwa juu zaidi, na hata alama za kikemikali katika jeni inayohusika na namna mwili unavyoikabili hofu zilitofautiana. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo tusiufanye kuwa hukumu ya mwisho. Lakini aliyelelewa Nakivale hatashangazwa nao.

Hapa dini yetu imetuwekea mpaka muhimu. Wako watu kambini wanaosema kuwa mtoto mwenye hofu isiyo na sababu amebeba laana ya wazazi. Qur'an imeshatufundisha kuwa hakuna nafsi inayobeba dhambi ya nafsi nyingine. Jeraha laweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, dhambi haipiti. Hofu ya mdogo wangu ni maumivu ya kutibiwa, wala si adhabu.

Mashine ya huruma

Wanaozitetea filamu hizi wana hoja. Mwaka 2015 filamu ya Clouds Over Sidra, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, iliwaingiza watazamaji katika kambi ya Zaatari, Jordan, wakiongozwa na binti wa Kisyria wa miaka 12. Ilionyeshwa Davos mbele ya wakubwa wa dunia. Mwaka huo huo gazeti la New York Times liliwatumia wasomaji wake miwani ya karatasi ngumu zaidi ya milioni 1 ili watazame filamu ya The Displaced, inayohusu watoto watatu waliong'olewa makwao, mmoja wao wa Sudan Kusini. Chris Milk, mmoja wa waliotengeneza filamu ya Sidra, aliiita teknolojia hii mashine ya huruma.

Sikatai kuwa huruma ina thamani. Mtu anayepita barabara ya Mbarara kila siku na hajawahi kukata kona kwenda Nakivale anaweza kufunguka moyo kwa dakika chache ndani ya miwani. Lakini mwanasaikolojia Paul Bloom alitoa pingamizi ambalo sijaona likijibiwa vizuri. Mtazamaji amechagua kuingia, na anaweza kutoka wakati wowote. Mateso ya mkimbizi hayamo katika milio na giza peke yake. Yamo katika kutochagua, na katika kutojua yataisha lini. Mwenye miwani anajua yataisha lini. Baada ya dakika 8 ataivua na kwenda kunywa chai, akidhani sasa ameelewa. Na anayedhani ameelewa huacha kuuliza.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: ni nani anayeshika kitufe cha kuzima? Nchini Marekani, miwani hii hii imetumika kuwatibu askari waliorudi kutoka Iraki na kiwewe. Mgonjwa anarudishwa kidogo kidogo kwenye tukio lake mwenyewe, mtabibu akiwa pembeni, na wanasimama pale anapozidiwa. Hapo mwenye jeraha ndiye anayetazama. Katika filamu yetu, mwenye jeraha angekuwa kitu cha kutazamwa.

Kisima ambacho Yusuf hakukitaja

Surat Yusuf ni hadithi ya familia iliyotawanyika na kuhama. Imo huzuni ya Yaaqub (a.s.), aliyelia hadi macho yake yakawa meupe. Hapa Ruharo watu wanapajua kwa hospitali ya macho, na kila niwaonapo wazee wakishikwa mkono kupelekwa huko, humkumbuka mzazi yule ambaye macho yake yaliondoka kwa uchungu wa mwanawe.

Lakini tazameni mwisho wa sura. Familia imekutana Misri, wazazi wameketi, ndugu waliomtupa wako mbele yake. Yusuf (a.s.) anataja neema za Mola wake: alimtoa gerezani, akawaleta wao kutoka jangwani. Kisima hakitaji. Wafasiri wamelizingatia hilo, na baadhi yao wamesema aliacha kukitaja ili asiwaaibishe ndugu zake baada ya kuwasamehe. Alikuwa na haki yote ya kukitaja, kwa kuwa kisima kilikuwa chake. Akachagua kukiruka, mbele ya wale waliokuwa wapo, kwa sababu anazozijua yeye.

Tangu nilipolizingatia hilo, sijaweza tena kuusikiliza usiku ambao mama anauruka kama pengo la kujazwa. Huenda anamlinda mtu. Huenda ananilinda mimi. Kuruka kwake nako ni usimulizi.

Mtu ataniambia: kisima kimo ndani ya Qur'an, na watu wote wanakisoma. Ni kweli. Lakini aliyekitaja ni Allah, Mjuzi wa yote, anayejua nini kifunuliwe na kwa faida gani. Mimi sijui hata nini kilitokea usiku ule.

Ataendelea: Qur'an inakataza kuficha ushahidi, na wakimbizi wakinyamaza, wauaji watalala usingizi. Hoja hii ni nzito. Lakini shahidi wa usiku ule ni mama. Siku atakapoitwa mbele ya haki, ni yeye wa kuamua kusimama, nami nitamshika mkono. Mimi nikichora kwa kompyuta usiku nisioujua, nikaweka sauti na vivuli, nikamwambia mtazamaji, "Hivi ndivyo ilivyokuwa," sijatoa ushahidi. Nimekaribia ushahidi wa uongo, na sote tunajua Mtume (s.a.w.) aliuhesabu pamoja na madhambi gani.

Kusikia na kuonyeshwa

Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.) siku ya Uhud, alipokuja akiwa amesilimu, Mtume (s.a.w.) alimuuliza jinsi alivyomuua, naye akaeleza. Mtume hakuukataa Uislamu wake. Ila alimwomba, kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Aliweza kusikia, akasamehe, na bado akaweka mpaka wa kile ambacho macho yake yangekabiliana nacho. Basi mimi ni nani wa kumwambia mama kuwa asipoutazama usiku ule tena hataweza kupona?

Hata hivyo sisemi kuwa dawa ni kunyamaza. Ummu Salama (r.a.) alihama hadi Habasha, na alipotaka kuhamia Madina alitenganishwa na mumewe na mwanawe, akawa anatoka kila siku kwenda kulia kwa muda wa karibu mwaka mzima. Tunayajua hayo kwa sababu aliyasimulia mwenyewe, kwa wakati wake na kwa kipimo chake.

Na Nakivale yenyewe ina somo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika pale kwa wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali waliokuwa na kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Katika njia mojawapo iliyotumika, mtu husimulia maisha yake tangu kuzaliwa. Kamba hutandazwa chini kuwa maisha yake, maua huwekwa kwa siku za furaha na mawe kwa siku za msiba. Msikilizaji huandika, hukutana naye tena, humsomea, naye husahihisha. Mwishoni maandishi hukabidhiwa kwake. Baada ya miezi, karibu 7 kati ya 10 waliopitia njia hiyo hawakuwa tena na kiwewe kwa vipimo vya kitabibu. Waliopata ushauri wa kawaida walikaribia kiwango hicho, na kati ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba hawakufika 4 kati ya 10.

Kwangu, siri ya kamba ile ni kwamba mwenye maisha ndiye anayeweka mawe, na ndiye anayeondoka na maandishi.

Mirathi ya aliye hai

Nilimweleza mama pendekezo lote. Akaniuliza, "Mwanangu, nimeyasema haya kwa watu wengi wenye kalamu. Kila mmoja alifunga daftari akaenda zake. Hawa wa miwani wakishaona, watafanya nini?" Nikamwambia wengine huenda wakalia. Akasema, "Na mimi nitakuwa wapi wakati wanalia?"

Sote tuliosoma mirathi tunajua kanuni mbili. Kwanza, hakuna anayemrithi mtu aliye hai. Pili, hata baada ya kifo, deni na wasia hutangulia kabla mrithi hajagusa fungu lake. Nimeona kanuni hizi zinatosha kunijibu. Mama yu hai, alhamdulillah, basi usiku ule bado ni wake. Kilichonifikia mimi, yaani viatu mlangoni, mdogo wangu anayeamka usiku, na sentensi moja ninayoijua kwa moyo, hicho ni fungu langu, na naweza kukisema.

Kwa hiyo filamu tutaitengeneza, inshaAllah, lakini kwa masharti. Mama atavaa miwani kabla ya mtu mwingine yeyote, na asilolitaka litafutwa. Nakala itakuwa yake. Usiku hautachorwa: mtazamaji atakaa gizani, asione kitu, asikie sauti ya mama ikisema ile sentensi yake moja, kisha kupambazuke. Mama amekubali sauti yake itumike. Wenzangu walilalamika kuwa filamu itakuwa na shimo katikati. Niliwaambia shimo hilo ndilo ukweli nilionao, nimelelewa nalo.

Ndugu yangu msomaji, huenda huna kamera ya nyuzi 360, lakini simu unayo, na mzazi aliyepitia mazito huenda unaye. Kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, muulize. Akisema ndiyo, muulize tena akishaona ulichorekodi. Akisema hapana, keti naye tu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa mtu akikueleza jambo huku akigeuka kutazama nani anasikia, alilokwambia ni amana, hata kama hakutamka kuwa ni siri. Wazazi wetu wengi wamekuwa wakigeuka hivyo kwa miaka.

Tunamwomba Allah awape wazazi wetu usingizi wa amani, awaponye ndugu zetu wadogo hofu wasiyoijua asili yake, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.