Tui Halilali

Kijana mmoja wa huku Bamburi Mtambo, mtoto wa jirani yangu, alinijia mwezi uliopita na filamu inaning'inia mkononi kama mkia wa kishada. Nyeupe pe. Niliinua dirishani nikatazama pembeni, pale kiwanda cha filamu kinapoandika jina na nambari. Hapakuwa na kitu. Nambari zile hupigwa mwanga huko huko kiwandani, hazijali kama ulisahau kufungua kifuniko cha lenzi. Zikikosekana, kamera haina kosa: ama umetanguliza hipo, ile dawa ya kukaza picha inayopaswa kuja baadaye, ama dawa ya kusafishia imekufa.

"Dawa uliichanganya lini, mwanangu?"

"Mwezi wa nne, babu."

Tulikuwa mwezi wa kumi.

"Na uliiweka wapi?"

"Jikoni, juu ya kabati. Ilikuwa imebaki nusu chupa."

Sikumgombeza. Kisa hiki nimekiona miaka mingi, kwa watu wazima wenye akili zao, na kila mmoja huja na uso ule ule. Nilimtilia chai. Ndipo akaniambia ndani ya filamu mlikuwa na nini: siku ya mwisho ya babake kiwandani, baada ya miaka yote ile ya saruji, ametoka langoni na ovaroli yake, wenzake wamemshika mabega.

Kosa linaanzia mbali. Vijana wanaiga upishi wa harusi kwa sufuria ya mtu mmoja. Sisi tuliosafisha picha katika studio za mjini, zama ambazo watu walivaa vizuri wakaenda kupigwa nyeusi na nyeupe Parekh Studio na kwingineko, hatukuwa na haja ya kuuliza dawa inakaa muda gani. Sikukuu ya Idi foleni ilifika barabarani, na dawa iliisha haijapata nafasi ya kuchacha. D-76 ya Kodak, iliyoanza 1927, ni dawa ya kazi ya namna hiyo, na sifa yake ni ya haki: unga unakorogwa, filamu inatoka laini, bei haiumi. Lakini ikishakorogwa ni tui. Tui halilali. Kodak wenyewe wanaipa miezi sita katika chupa iliyojaa na kufungwa barabara, na miwili tu chupa ikiwa nusu, kwa sababu ile nusu ya juu si tupu, imejaa hewa, na hewa ndiyo inayoila. Na joto huikaribisha hewa mezani. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzi 10 zikiongezeka mwendo wa mambo haya hukaribia kuwa maradufu, nasi jikoni mwetu mwezi wa pili hata siagi haisimami.

Basi piga hesabu kwa mwendo wako, si kwa mwendo unaoutamani. Lita ya D-76, ukiizimua nusu kwa nusu, inakupa filamu sita hivi. Mtu anayepiga filamu moja kila miezi miwili anahitaji mwaka kuimaliza. Atamwaga, au atajidanganya kuwa bado nzima. Rahisi ghali.

Mimi nawaelekeza kwenye achari. Rodinal ni dawa ya maji iliyokolea, ilisajiliwa Ujerumani 1891, na leo utaikuta pia kwa majina ya R09 na Adonal. Mchanganyo wake ulikuwa kazi ya mkemia Momme Andresen. Inakaa kabatini miaka. Unavuta mililita 12 kwa bomba la sindano, unazitia katika mililita 300 za maji, unasafisha filamu moja, unamwaga. Kesho unaanza upya. Chupa ya nusu lita ni filamu 40, na kwa kuwa dawa hizi kwetu ni za kuagiza na kusubiri, hilo si jambo dogo. Itageuka kahawia, kisha nyeusi kama kahawa ya buli, nawe utaogopa bure.

Rangi usiiamini. XTOL, iliyotoka 1996 na kujengwa juu ya jamaa wa vitamini C, inaweza kufa ghafla huku ikiwa safi kama maji ya mvua. Kabla ya kuitosa filamu ya thamani, kata ulimi wake, ile ncha iliyokwisha kuona mwanga, uutie katika dawa mchana kweupe. Ukiwa mweusi ndani ya dakika chache, endelea. Hakuna mpishi asiyeonja chumvi.

Rodinal ina kasoro yake, sitaificha. Chembe zinaonekana, na kwa filamu ya kasi ya 400 picha huwa kama sembe iliyosagwa kwa pupa. Tumia ya 125 au ya 100, au uzizoee. Ukitaka dawa ya unga kwa sababu ya ulaini wake, igawe siku hiyo hiyo katika chupa ndogo za kioo, zijae mpaka shingoni. Ikibaki robo, tia gololi za kioo zilizooshwa, dawa ipande, hewa ikose mahali pa kukaa.

Wala usitumie chupa za soda. Hapa nawashika mkono kabisa. Sisi tunaiita dawa, na mtoto aliyeambiwa kila siku anywe dawa apone atakuwa hana kosa. Rodinal ni kali, inachoma koo. Andika jina na tarehe, weka juu, funga na kufuli.

Maji ya visima vyetu yametoka kwenye matumbawe. Tazama ukoko uliomo ndani ya birika. Zimulia dawa maji ya mvua au ya kununua, na suuza ya mwisho iwe hayo hayo. Joto lishushwe: beseni, barafu ya jirani mwenye friji, tangi likae humo mpaka nyuzi 20. Ukishindwa, 24 inakubalika, dakika 10 ziwe karibu 7. Kupita hapo muda unakuwa mfupi mno na filamu inatoka na madoa.

Babake yule kijana bado hajui. Kila Ijumaa tukitoka msikitini anauliza picha zake, na mtoto anatazama viatu. Nimemwambia aseme ukweli wiki hii, kisha amwombe mzee avae tena ile ovaroli, ambayo nasikia imefuliwa na kukunjwa. Wawili kati ya wale wenzake wanakaa Utange, wataitika. Waende langoni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea. Filamu ya FP4 ninayo moja. Barafu nitanunua mimi.