Ngome Haina Aibu

Kwa nini watu wa Majengo tupande basi usiku kucha kwenda kutazama mji wa zamani, ilhali sisi wenyewe tunatoka katika mmoja wa mitaa ya zamani zaidi Nairobi? Swali si langu. Liliulizwa na kijana mmoja wa kiti cha nyuma, tukiwa tumeshapita Mlolongo, naye aliliuliza kwa mzaha: "Wasee, si tungezunguka tu hapo mtaani, tulipe mtu atuonyeshe?" Watu wakacheka. Mimi swali lilinikaa.

Ilikuwa Oktoba, wikendi ya Mashujaa, mvua za vuli bado hazijaanza vizuri. Tulichanga, tukakodi basi, tukatoka saa tatu usiku. Hesabu ya safari za namna hii inajulikana: kilomita karibu 480, chai Mtito Andei, alfajiri uko Mwembe Tayari, unashinda mchana kutwa Mji wa Kale, jioni unageuza. Ukirudi umelala saa chache ukiwa umekaa, na simu imejaa picha.

Baada ya mahamri na mbaazi tukaingia Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, miaka tisini hivi baada ya Almeida kuuteka na kuuchoma mji huo mwaka 1505. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno wenyewe huko Goa, aliwageuka akawaua. Kutoka 1696 hadi 1698 Waomani waliizingira karibu miaka mitatu, na walioshindwa kwa bunduki walimalizwa na njaa na maradhi. Kisha wakaja Waingereza, na kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ikawa jela. Mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukiyatazama hayo yote kwa pamoja, ni orodha ya mauaji. Mwenye kutuongoza aliyaeleza vizuri, bila kuficha, na sisi tulisikiliza tukila kashata. Mama mmoja alipiga picha na mzinga kama anavyopiga picha na keki ya arusi. Silaumu. Nasema tu kwamba hakuna aliyeinamisha kichwa. Damu ikikaa miaka mia tatu ndani ya ukuta wa mawe inakuwa historia, na historia mtu huipeleka watoto wakaione.

Kilichonifanya niandike lakini hakikutokea ngomeni. Kilitokea kwenye vichochoro nyuma ya Ndia Kuu, mlango wa nyumba moja ulipokuwa wazi. Nyanya mmoja tuliyesafiri naye, mzaliwa wa Majengo, alichungulia, akaona ukumbi mrefu uliopita katikati, vyumba huku na huku, na ua kwa nyuma. Akasema, "Hee! Si hii ni nyumba yetu." Na kweli. Ile ya Mombasa ilikuwa ya mawe na yetu ni ya miti na udongo, bati juu limeshona kutu, lakini ramani ni ile ile. Waliojenga Majengo walikuja na nyumba yao kichwani.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa asiyetujua. Nairobi ya kwanza ilikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyojengeka vyenyewe: Pangani, Maskini, na kimoja kiliitwa Mombasa hasa. Serikali ya kikoloni haikuvipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapima Pumwani na kuanza kuhamishia watu huko. Pangani ilishikilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ikabomolewa nayo. Pumwani ulipewa kiwanja, si ardhi. Ukuta ni wako, unaujenga kwa pesa yako. Udongo ulio chini yake ni wa manispaa, na unaulipia. Na miongoni mwa waliojenga walikuwamo wanawake wengi.

Pesa walizitoa wapi? Mwanahistoria Luise White, aliyezungumza na wazee wa Pumwani miaka ya 1970, aliandika kitabu kizima kuhusu hilo, The Comforts of Home, kilichotoka 1990. Jibu lake kila mtu wa Majengo analijua na hakuna anayelitamka mezani. Serikali ilitaka vibarua mjini bila wake zao wala watoto wao. Mwanamke mwenye chumba aliwauzia alichowanyima mkoloni: chai, chakula, maji ya moto ya kuoga, mazungumzo, kitanda. Kwa hiyo akajenga, akapangisha, akazeeka na nyumba yake. Wengi walisilimu. Baadhi hawakuwa na watoto, wakawaachia nyumba wasichana waliowachagua wenyewe.

Sasa niambie ni ipi kati ya historia hizi mbili ya kuonea aibu. Ya kwanza imeua maelfu. Ya pili haikuua mtu. Ilijenga mtaa, ikalea yatima, ikaweka paa juu ya vichwa vya wapangaji kwa miaka mia moja. Lakini ya kwanza ina kibao, na ya pili ukiitaja matangani unavutwa kando: mwanangu, hayo usiandike.

Mtu anaweza kusema tofauti ni umbali tu. Mreno hana mjukuu kwenye basi letu, na maiti wa 1698 hawana jirani. Ngoja miaka mia tatu, Majengo nayo itapata kibao chake. Sikubali. Jela ya Fort Jesus ilifungwa 1958, na mzee aliyewahi kupita ndani yake angeweza kukutana nasi barabarani. Hakuna anayewaficha wafungwa wale. Tunachokionea aibu si ukaribu, ni aina ya kazi. Mwanamume aliyeua kwa ajili ya ngome tunamwita askari. Mwanamke aliyenunua mabati kwa kitanda chake, tumembakizia tusi tu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na sisi tumekaa tunachagua asili kama mtu achaguavyo nyanya Gikomba, hii ndiyo, hii imeoza.

Lakini hapa napata shida, na sitaki kuipita haraka. Mimi naandika, anayebaki na jina ni mjukuu. Ana binti anayetaka kuolewa na watu wa Eastleigh au wa Lamu, ana jirani mwenye mdomo. Nina haki gani ya kumwekea bibi yake kwenye gazeti ili mimi nijisikie mkweli? Ngome haina aibu kwa sababu haina shemeji. Mji wenye watu unao.

Kuna na lile jambo la maji na choo. Kila mtu anayetoka nje akaanza kusema habari za urithi wa Majengo, wapangaji humwangalia tu. Ukuta wa udongo wenye miaka themanini unaingia maji, na chumba kimoja wanalala sita. Nyumba za zamani za kaunti kule Pangani zilibomolewa, maghorofa yakasimama, na sijasikia aliyelilia zile sakafu. Atakayeniambia mama alale kwenye unyevu ili wageni waje kupiga picha, huyo na aje alale yeye.

Kwa hiyo simlilii udongo. Nyumba inaweza kuanguka. Ninachoona ni dhuluma ni kuibomoa bila mtu kuandika ilikuwa ya nani, halafu baadaye tuambiwe pale palikuwa na vibanda tu. Vibanda havina mwenyewe; asiye na mwenyewe hafidiwi, wala hapewi chumba kwenye ghorofa jipya. Kusahau huku kuna bei, na mara nyingi hulipwa na mpangaji na mjukuu wa mwanamke aliyejenga, si na anayebomoa. Karatasi inayosema ni nani alijenga, mwaka gani, vyumba vingapi, na nani alirithi, hiyo haimtii mtu aibu. Kazi ya mtaa tuiseme kama kazi ya mtaa, wote kwa jumla, wazi kabisa, kwenye ukuta wa ukumbi wa Pumwani ikibidi. Jina la mtu mmoja mmoja na alichofanya chumbani mwake, hilo ni la nyumba yake, wakitaka watalitoa.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Voi, nilimweleza nyanya wazo hili. Alisikiliza, akafunga leso vizuri, akasema mimi nina maneno mengi. Baadaye akanipa haya: nyumba ina vyumba sita, ilijengwa kabla ya vita vya Hitler, na aliyeijenga ni mwanamke, hakuwa mama yake wala ndugu yake. Nikauliza jina.

"Hilo," akasema, "nitamuuliza kwanza dada yangu."