Paka Asiyealikwa

Katika vijiji vya Ulemo, wilayani Iramba, na katika vijiji vingine vingi vya mkoa wa Singida, kila nyumba yenye ghala yaijua habari hii. Mavuno ya mtama na alizeti yamekwisha kuingizwa ndani, panya wameyafuata, na jioni moja paka asiyejulikana ni wa nani ameketi kizingitini. Amekonda, mbavu zake zahesabika. Watoto wataka kumpa ugali. Baba asema afukuzwe. Bibi aogopa kwamba ametumwa na mtu. Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kuandikwa gazetini. Lakini sisi twaona kwamba ndani yake mna swali kubwa: je, kiumbe ambaye hatukumwita, asiye na undugu nasi, aweza kutudai kitu?

Kwanza yafaa tujue paka huyo atoka wapi. Ng'ombe na mbuzi walikamatwa na kufugwa kwa mkono wa mtu. Paka, wasema wataalamu, alijileta mwenyewe. Asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hata leo yumo katika mbuga zetu. Watu walipoanza kulima nafaka na kuweka akiba, panya walikuja kula nafaka, na paka akaja kula panya. Mwaka 2004 wachimbuaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamekuta kaburi la mtu, na kando yake paka aliyezikwa, la miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Ni watu waliowavusha bahari. Basi yule aliyeketi mlangoni huko Ulemo hafanyi jambo jipya. Afuata mapatano ya kale kuliko maandishi yote: wewe una nafaka, mimi nina makucha.

Lakini kuna jambo la pili, nalo si la kujivunia. Mara nyingi paka wa mlangoni hakutoka porini. Alitupwa. Watoto wa paka walizaliwa wengi, wakatiwa katika gunia na kumwagwa kando ya barabara au gulioni. Au mtumishi alipata uhamisho, akapakia vitanda, viti na kuku wake katika lori, akafunga mlango, na paka akabaki uani akingoja. Paka hazaliwi mzururaji. Mzururaji hufanywa na mtu. Kwa hiyo anapofika kwetu amebeba deni la mtu mwingine. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza, "Kwa nini nilipe mimi nisiyekopa?" Sisi twajibu kwamba mpita njia aonaye moto umeshika paa la jirani hangoji kwanza kuuliza ni nani aliyeuwasha. Haja iliyo mbele ya macho yetu yatuhusu kwa kuwa tumeiona, na kwa kuwa tuna uwezo wa kuisaidia.

Wenye hekima wamebishana juu ya sababu ya wajibu huu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba ukatili kwa wanyama waweza kumzoeza mtu kuwatendea wenzake ukatili. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, alisema kwamba swali si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuumia. Mmoja atazama moyo wa mtu, mwingine atazama maumivu ya mnyama. Kwetu sisi hoja hizi mbili hazipingani. Mtoto amtupiaye paka mawe atenda maovu mawili kwa tendo moja: amuumiza asiye na hatia, na aufanya mgumu moyo wake mwenyewe, ambao kesho utakutana na mdogo wake, na baadaye na mke wake.

Kuna watakaosema: "Watu wana njaa, nanyi mwasema habari za paka!" Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yafundisha mambo yote mawili: kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu, na kwamba haifai kutumia juu yao fedha ambazo zingepasa kwanza kupunguza taabu za watu. Basi mtu ni wa kwanza. Anayemnunulia paka nyama huku mtoto wa jirani alala na njaa amekosea hesabu. Lakini katika nyumba zetu paka hali fungu la maskini. Hula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na kinachobaki hujitafutia katika ghala, akituokolea gunia ambalo panya wangelitoboa. Ni wazi basi kwamba amfukuzaye kwa kisingizio cha maskini apaswa kuulizwa: je, ukoko ule umempelekea maskini gani?

Sasa twafika penye hatari kubwa zaidi, yaani hofu. Wako wanaoamini kwamba paka ajaye usiku ni mjumbe wa mchawi, na kwamba mwanamke mzee akaaye peke yake na paka wake ana jambo. Mkoa wa Singida wapaswa kuikataa hofu hiyo kuliko wengine. Katika miaka ya 1940 watu wengi waliuawa huko, ikasemwa wameshikwa na simba. Uchunguzi ulipofanywa, wauaji wengine walionekana kuwa binadamu. Na katika mikoa ya jirani wamekwisha kuuawa wanawake wazee kwa sababu ya macho mekundu, ambayo yaliletwa na moshi wa jikoni tu. Mnyama hana hila. Hila ni zetu. Ajuza aliyempokea paka amepata wa kumfukuzia panya na wa kumwondolea upweke. Anayemnong'onea ubaya kwa sababu hiyo ndiye aletaye giza kijijini.

Hata hivyo, kupokea si mchezo. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Paka ana jembe lake tayari, siku ya tatu yamhusu zaidi mwenyeji. Ukimlisha mara moja, umefanya huruma. Ukimlisha siku ya pili na ya tatu, amekwisha kuacha kutafuta mlango mwingine, nawe umefanya ahadi, ijapokuwa hukutamka neno. Ahadi hiyo ina kazi zake. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo huwapata paka pia; na mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama anayeshukiwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka. Ikiwezekana, mganga wa mifugo amfunge uzazi, ili tusiwe nasi wajaza magunia ya kutupa barabarani. Na siku ya kuhama, paka awe na nafasi katika lori, au jirani aliyekubali kumlea.

Asiyeweza kuyatimiza hayo halazimishwi. Amtafutie nyumba nyingine, tena ampe maji kabla hajaondoka. Asichoruhusiwa ni jiwe na gunia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yakataza ukatili.

Enyi wazazi, watoto wenu watayasahau mengi katika mafundisho mnayowapa kwa maneno. Hawatasahau mlifanya nini jioni ile alipofika mlangoni asiye na ulimi wa kujitetea. Hapo watajifunza kama nyumba yao ni ya kutunza ahadi, au ni nyumba ya kupokea leo na kutupa kesho.