Wateja Wako Kiritiri, Wafuate

Ajenti wa nyumba na ardhi anayesema Kiritiri haina wateja bado hajaitembea Kiritiri. Huu ndio mji wenye ofisi za serikali za Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Mtu wa Kiambere hufika hapa na mbuzi wa kuuza, na gunia la ndengu, au na bahasha ya hati aliyoibana kwapani kwa sababu ameitwa ofisini. Mwalimu amehamishiwa hapa na hajui atalala wapi. Kijana aliye Nairobi anataka kumjengea mama yake nyumba karibu na barabara. Wote hawa wanahitaji mtu wa kuwashika mkono. Nakusihi wewe uliyeingia kazi hii: ondoka kwenye kivuli cha duka, acha kungoja simu, uwafuate walipo.

Na ukiwafuata, anza na mwenye ardhi kabla ya mnunuzi. Wengi hufanya kinyume. Husambaza kwenye simu picha za ploti ambazo mmiliki hajui kama zinauzwa, kisha hushangaa watu wakiwaita matapeli. Mwenye shamba mmoja akikuamini, ana ndugu, ana wakwe, ana majirani wa mpaka. Ukoo mzima unaweza kuwa kazi yako ya miaka kumi.

Ardhi ya Mbeere ina historia nzito. Mashamba yalipokuwa yakiamuliwa na kuandikishwa miaka ya 1970, koo zilishindana vikali juu ya nani alitangulia wapi, na ushahidi wa wazee ukawa ndio silaha. Leo zipo familia zinazolima shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu aliyezikwa zamani. Wanataka kugawana, au kuuza kipande walipe karo, na hawajui waanzie wapi. Sheria ya Mirathi hairuhusu shamba la marehemu liuzwe kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Broka wa haraka akisikia hivyo hukata simu. Wewe kaa nao. Waonyeshe wakili, watafutie sorveya anayeheshimika, wakumbushe siku ya mahakama. Itachukua miezi mingi na hutaona shilingi. Lakini siku ndugu sita watakapopata hati sita, mmoja atataka kuuza, mwingine kukodisha, wa tatu kununua cha nduguye, na namba iliyo kwenye simu zao zote ni yako. Kwa maoni yangu hakuna mlango mkubwa kuliko huu katika Mbeere nzima, na uko wazi kwa sababu wengi wanaona ni kazi ya kuchosha.

Mlango wa pili ni benchi la bodi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya 1967, shamba la kilimo halihami mkono bila idhini ya bodi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Nenda siku bodi inapokaa, utazame. Mzee amekuja na mnunuzi, lakini nakala ya kitambulisho imebaki nyumbani. Mwingine ana hati, hana sachi, yaani matokeo ya upekuzi rasmi wa rekodi za ardhi. Halafu mwenyekiti anamgeukia mama aliyesimama nyuma: “Mama, unajua mzee anauza? Umekubali?” Mama ananyamaza. Kazi yote imekwama hapo, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mapema.

Sasa fikiria upande wako ukiitwa. Fomu imejazwa, sachi ni ya juzi, bikoni za mipaka zimeonekana, mke na watoto wazima wako hapo na wanajibu bila woga. Mambo yanakwisha kwa dakika chache. Walioketi kwenye benchi wanaona. Ukitoka nje, mmoja wao atakufuata akuulize: “Mwanangu, yangu nayo unaweza kunitengenezea?” Tangazo gani la kulipia litakuletea mteja wa namna hiyo, aliyekwisha kuona kazi yako kwa macho yake?

Ndiyo maana nasema kwa uchungu: usikubali kuuza shamba la familia kwa siri. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai ridhaa ya mwenzi, na hata kabla ya sheria, mama aliyelima shamba hilo ana haki ya kusikilizwa. Kataa kamisheni hiyo. Habari ya kwamba ulikataa itafika sokoni kabla yako.

Kuna wakati wa kumwambia mtu asiuze kabisa. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayolimwa Mbeere, mkulima wa hapa alitetemeka hadi Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku hiyo. Katika hofu ya namna hiyo mtu anaweza kuuza ekari kwa bei ya kutupa. Ajenti mwenye utu humshauri akodishe kwa misimu michache, ampatie mkodishaji, aandike mkataba unaosomeka. Kamisheni ni ndogo, lakini mkulima amebaki na shamba lake, na wewe umebaki na mkulima.

Usidharau nyumba za kupanga. Nesi anayetafuta chumba chenye tangi la maji na stima isiyokatika ovyo ndiye atakayetafuta ploti ya hamsini kwa mia baada ya mkopo wa sacco. Mpate angali mgeni. Vijana wa bodaboda ndio wanaojua nani amehamia jana na nani anafunga virago, kwa hiyo waheshimu, na wakikuletea mtu walipe kama mlivyopatana. Nenda kwa chama cha kina mama na kikundi cha vijana kanisani, uombe nusu saa, uwafundishe bure jinsi sachi inavyofanywa na kwa nini mtu asilipe hata senti kabla ya kuiona. Usiuze chochote siku hiyo.

Walio mbali, Nairobi, Mombasa, Doha, wana pesa na wana hofu, kwa kuwa wamesikia visa vingi vya ndugu waliotapeliwa. Watumie video ya shamba ukitembea bikoni hadi bikoni, taja umbali wa nguzo ya stima na mahali maji yanapotoka, na ubaya wa shamba uutaje pia: korongo, njia isiyopitika mvua ikinyesha. Waache watume mtu wao ahakikishe.

Na jisimamie kisheria. Sheria ya Maajenti wa Mali, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi ya usajili wa maajenti. Kama hujafika hapo, fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, ujifunze, ujiandae kwa usajili wako. Cheti ukutani kitamtuliza mnunuzi kutoka Embu mjini ambaye hajui jina la baba yako.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja ndio mali yako. Basi leo jioni fungua daftari, uandike kila mtu uliyewahi kumtafutia nyumba au kumwonyesha shamba, hata yule ambaye hakununua. Mpigie wa kwanza kabla hujalala, umuulize anaendeleaje na kama hati yake ilitoka. Kesho mpigie wa pili. Na bodi ikikaa, ufike asubuhi mapema, ukae kwenye benchi pamoja na watu.