Mipangilio ya Kihariri na Moyo Usiotulia

Kihariri cha matini ni programu ya kompyuta ya kuandikia na kusahihishia maandishi matupu, yaani herufi, tarakimu na alama bila mapambo ya ukurasa. Hapo ndipo kinapotofautiana na programu kama Word, ambayo pamoja na maneno huhifadhi ukubwa wa herufi, rangi na mpangilio wa karatasi. Waandaaji programu hukitumia kuandika msimbo, na wapo watunzi na watafiti wanaokipenda kwa wepesi wake. Sifa yake kubwa ni kwamba mtumiaji anaweza kukigeuza apendavyo. Sifa hiyohiyo huzua swali ambalo falsafa na dini zimelishughulikia tangu kale: maandalizi ya kazi yana mpaka gani, na je, kusafisha mazingira kunatosha kuutuliza moyo?

Mazoea ya kugeuza vihariri yana karibu nusu karne. Mwaka 1976 Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kuandika kihariri cha vi. Mwaka huohuo, katika maabara ya akili mnemba ya MIT, Richard Stallman na Guy Steele walizikusanya amri ambazo watumiaji wa kihariri cha TECO walikuwa wamejitungia, kila mmoja kwa mtindo wake, na hapo ikazaliwa Emacs. GNU Emacs, iliyotolewa mwaka 1985, iliufikisha uhuru huo mbali: karibu kila kitufe kinachobonyezwa huita kipande cha programu, na mtumiaji anaweza kukiandika upya kwa lugha ya Lisp bila hata kukifunga kihariri. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991, na Microsoft ikaleta Visual Studio Code mwaka 2015.

Kwa anayeandika msimbo, mipangilio si anasa. Katika faili la .vimrc, ambalo Vim hulisoma kila inapofunguliwa, mstari mmoja huamuru namba za mistari zionekane, na mwingine huamua kitufe cha Tab kiache nafasi nne. Katika lugha ya Python nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya sarufi; zikipishana ovyo, programu haiendeshwi. Rangi nazo zina kazi. Mtu akisahau kufunga alama ya nukuu, maneno yanayofuata hugeuka rangi papo hapo, na kosa hujulikana kabla programu haijajaribiwa. Skrini ya mwandaaji programu imejaa vitu kwa sababu kazi yake inavihitaji.

Mwandishi wa insha au riwaya huhitaji kinyume chake. Mwaka 2006 ilitoka WriteRoom kwa kompyuta za Mac, programu iliyofunika skrini nzima na kuficha menyu zote, yakabaki maneno peke yake. Miaka minne baadaye iA Writer ilileta hali inayofifisha maandishi yote isipokuwa sehemu inayoandikwa wakati huo. Vihariri vya msimbo navyo vimefuata njia hiyo. Kiongezeo cha Goyo huficha kila kitu isipokuwa maandishi ndani ya Vim, Olivetti huacha pambizo pana katika Emacs, na Visual Studio Code ina hali iitwayo Zen, jina lililochukuliwa kwa madhehebu ya Kibudha yanayotilia mkazo taamuli. Jina hilo linaahidi utulivu wa nafsi. Kinachotolewa ni kufichwa kwa vitufe.

Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, anasema kila ufundi una lengo lake, na malengo yenyewe yana ngazi: utengenezaji wa lijamu unautumikia upandaji farasi, na upandaji farasi unaitumikia sanaa ya vita. Kwa kipimo hicho, kupanga kihariri ni ufundi wa chini unaoutumikia uandishi. Tatizo ni kwamba ufundi huu wa chini una utamu wake. Anayebadili fonti huona matokeo mara moja, ilhali aya moja ngumu inaweza kumaliza asubuhi nzima na bado isinyooke. Kwa hiyo aliyekwama hukimbilia mipangilio, na machoni pa watu, hata machoni pake mwenyewe, yumo kazini. Uzembe wa kawaida hujulikana kwa sura. Huu umevaa nguo za bidii.

Vim yenyewe inamkumbusha mtumiaji kwamba zana ina lengo nje yake. Ikifunguliwa bila faili, mara nyingine huonyesha ujumbe wa kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, aliwahi kujitolea kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa nchi hiyo, na akaamua kwamba anayetaka kulipia Vim akichangie kituo hicho. Mtu aliyeitengeneza zana hiyo kwa miaka mingi hakuifanya kuwa mwisho wa mambo.

Tabia ya kuikimbia kazi kwa kuchokonoa vyombo vyake haikuanza na kompyuta. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, alieleza namna uvivu wa roho unavyomshika mtawa anayesoma. Hupiga miayo, huhesabu kurasa, hulaumu mwandiko na nakshi za kitabu, na mwishowe hukifunga, akakiweka chini ya kichwa na kulala. Kulaumu mwandiko ni hatua ya kati. Kosa limehamishiwa kwenye kitabu, ingawa uliochoka ni moyo.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili alipozungumzia khushuu, yaani unyenyekevu na utulivu wa moyo, katika sala. Anazitenga sababu za nje za kukengeuka, yaani yale yanayofikia macho na masikio, na sababu za ndani, ambazo ni shughuli za dunia zilizotawanyika moyoni. Za nje hazipuuzi: anashauri kusali karibu na ukuta au katika chumba chenye giza, na hadithi inasimulia kwamba Mtume mwenyewe aliivua nguo yenye nakshi iliyomshughulisha katika sala, akaagiza irudishwe kwa aliyemletea, Abu Jahm. Kwa sababu za ndani, al-Ghazali anatoa mfano wa mtu aliyekaa chini ya mti akitaka kutafakari, ndege wakamsumbua kwa kelele. Kila akiwafukuza kwa fimbo wanarudi. Akaambiwa kwamba akitaka kuepukana nao aukate mti.

Mpangilio wa kihariri ni fimbo, na fimbo ina faida yake. Arifa iliyozimwa haimkatizi mtu sentensi, na menyu iliyofichwa haimwiti kubofya. Lakini hofu ya kuandika vibaya, tamaa ya sifa na kutojua hasa kinachotakiwa kusemwa ndio mti wenyewe, na hubaki palepale hata skrini ikiwa nyeupe kabisa. Emacs hiyohiyo inayoweza kuacha ukurasa mtupu ina mchezo wa Tetris na kisomaji cha barua pepe ndani yake, amri chache tu kutoka kwenye aya inayoandikwa.

Hukumu basi haiko upande wa kukataa mipangilio wala wa kuiabudu. Badiliko linastahili pale kazi inapolidai, yaani kikwazo kilekile kinapojirudia wakati wa kuandika, na wakati wake ni baada ya kazi ya siku, si katikati ya aya. Kikwazo kiandikwe pembeni, aya imalizwe, ndipo faili la mipangilio lifunguliwe. Badiliko lisiloweza kutaja kikwazo chake ni starehe. Halina ubaya, ila lisihesabiwe kuwa kazi.