Nani Alikuwa Akiendesha?



Kila mmoja wetu aijua chukudu. Ni gari letu la miti, lenye magurudumu mawili, nalo lakokota riziki ya nyumba nyingi kutoka vilima vya Masisi mpaka Sake na Goma, likiwa limejaa viazi, mbao au makaa. Katika mpando mwenye chukudu huisukuma kwa jasho. Katika mteremko huipanda, na hapo mara nyingi mzigo ndio umwendeshao yeye.

Tuseme basi kijana mmoja ateremka asubuhi mapema. Anataka kuwahi soko, kwa hiyo hatumii breki yake ya mpira. Penye kona amgonga mama mwenye kikapu cha mayai. Mama aanguka, mayai yavunjika, mguu waumia. Kijana hatazami nyuma. Lakini jioni wazee wafika nyumbani kwake, maana chukudu ile yajulikana kwa alama zake. Hawagombi, wala hawapigi kelele. Wauliza neno moja tu: “Asubuhi ya leo, nani alikuwa akiendesha?”

Mbio zimekwisha kupita, na mayai hayaungiki tena. Lililobaki ni jibu. Kijana aweza kusema, “Ni mimi.” Aweza kusema, “Ni mdogo wangu.” Aweza pia kumvuta mzee mmoja kando na kumtia noti mkononi. Twauliza leo: katika kosa na katika jibu, ni lipi lionyeshalo zaidi mtu huyo ni mtu wa namna gani?

Jicho la kando ya barabara

Katika nchi nyingi swali la wazee wale laulizwa sasa na mashine. Nchini Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Goma, kamera zimewekwa kando ya barabara, na watu wamezipa jina la Sofia. Gari likipita kwa mwendo uliozidi kiasi, kamera yapiga picha ya namba yake, na habari ya faini yafika katika simu ya mwenye gari. Katika Tanzania askari hushika mkononi kamera ambayo madereva huiita tochi, nao hupima magari yapitayo vijijini, mahali ambapo mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Katika Uingereza mwenye gari huletewa barua, naye ana siku 28 za kujibu swali lililo ndani yake. Swali hilo ni lile lile: nani alikuwa akiendesha?

Msifikiri kwamba mambo haya ni hila tu za kukusanya fedha. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 1,190,000 hivi walikufa katika ajali za barabarani. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Ndivyo ilivyo kwa lori, ndivyo ilivyo kwa pikipiki, ndivyo ilivyo kwa chukudu. Anayekwenda mbio kupita kiasi hachezi na uhai wake peke yake. Achukua uhai wa mtoto avukaye njia, na kuuweka katika mchezo ambao mtoto hakuukubali.

Hata hivyo, tazameni jinsi tulivyo wanadamu. Madereva wengi wakiona tochi mbele, huwawashia taa wenzao wanaokuja upande wa pili, ili wapunguze mwendo. Taa ile yasema, “Askari yuko.” Ni mara chache isemapo, “Watoto wako.” Twaogopa kuonwa kuliko tunavyoogopa kuua.

Hapa yafaa tujue habari moja. Mmoja wa watu wa kwanza waliobuni kamera hizi alikuwa Maurits Gatsonides, Mholanzi, dereva hodari wa mashindano, aliyeshinda mashindano ya Monte Carlo katika mwaka 1953. Yeye hakuanza kwa nia ya kuwanasa wengine. Alitaka kuupima mwendo wake mwenyewe, apate kujua ni wapi katika kona amekosea. Chombo ambacho leo watu hukikimbia kilianza kama chombo cha mtu kujichunguza. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Hakimu na dola 77

Sikilizeni sasa mambo yaliyompata mtu mkubwa. Katika nchi ya Australia alikuwako hakimu, jina lake Marcus Einfeld. Alikuwa amekaa katika mahakama ya shirikisho, na watu walimheshimu kwa kutetea haki za wanyonge. Mwezi wa Januari, mwaka 2006, baada ya kustaafu kwake, kamera mjini Sydney ililinasa gari lake likienda kilomita 60 kwa saa mahali pa kilomita 50. Faini ilikuwa dola 77. Kwa mtu wa cheo chake, fedha hizo hazikuwa kitu.

Lakini hakimu hakutaka kusema, “Ni mimi.” Aliapa mbele ya mahakama kwamba siku ile alikuwa amemwazima gari rafiki yake aliyetoka Marekani. Mahakama ikamwachilia. Baadaye mwandishi wa gazeti akauliza habari za rafiki huyo, akakuta kwamba alikuwa amefariki miaka 3 kabla ya kosa lile. Hakimu alikuwa amemtwika marehemu kosa lake! Na hata hapo hakukiri. Akaongeza uongo mwingine ili kuutegemeza wa kwanza, kama mtu atiaye nguzo mbovu chini ya paa linaloanguka. Mwezi wa Machi, mwaka 2009, akiwa mzee wa miaka 70, alihukumiwa kifungo cha miaka 3, naye akakaa gerezani miaka 2. Jina lake likafutwa katika orodha ya mawakili.

Je, mtu huyu aliangushwa na kilomita 10 za ziada? Hapana. Kosa hilo lilikuwa na bei, na bei yake ni dola 77. Aliangushwa na jibu. Kosa lina mpaka wake, wala halijizai lenyewe. Lakini uongo huzaa uongo, na kila mmoja huzaliwa mkubwa kuliko mama yake. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Nasi twaweza kuongeza kwamba, ingawa ni fupi, haina mahali pa kugeukia.

Je, ni upendo kubeba kosa la ndugu?

Wengine watasema: “Hakimu yule alikosa kwa kuwa alimsingizia mtu asiyejua. Lakini kama ndugu yangu akubali kwa hiari yake, kuna ubaya gani? Sisi ni watu wa ukoo. Mzigo wa mmoja ni mzigo wa wote.”

Hoja hii ina nguvu, na tusiipuuze. Tuipime kwa mfano wa kweli. Katika mwaka 2003 Mwingereza aliyeitwa Chris Huhne, mjumbe wa Bunge la Ulaya, alinaswa na kamera. Katika nchi ile makosa huandikwa kwa alama, na alama zikifika 12 ndani ya miaka 3, dereva hunyimwa ruhusa ya kuendesha. Yeye alikuwa karibu kufika huko. Basi mkewe akaandika kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha. Mambo yakanyamaza. Mume akapanda cheo hata akawa waziri. Lakini ndoa yao ikavunjika, na siri ikatoka nje. Akaacha uwaziri katika mwaka 2012, na mwezi wa Machi mwaka 2013 mahakama ikawahukumu wote wawili, kila mmoja miezi 8 gerezani.

Tutofautishe mambo mawili. Kumlipia ndugu faini yake ni upendo; waweza kuuza mbuzi wako kwa ajili yake, na hakuna atakayekulaumu. Kutembea naye mpaka mbele ya wazee ili asisimame peke yake ni upendo pia. Lakini kusema “Ni mimi” wakati si wewe, huko si kubeba mzigo wake. Ni kumficha yeye asikutane na kosa lake. Kesho atateremka tena mbio vile vile, kwa sababu jana hakuna kitu kilichomgusa. Mzigo waweza kubebwa na wawili. Ukweli haubebwi kwa niaba ya mwingine.

Tena, tujiulize ni nani kwa kawaida huombwa kulibeba kosa la mwingine. Ni mke, ni mdogo, ni mtumishi, ni yule aliye chini. Mara chache mkubwa hujitolea kwa ajili ya mdogo. Hapo twaona kwamba jambo hili, lijapovikwa nguo ya upendo, mara nyingi ni nguvu ya mwenye nguvu.

“Lakini kwetu wanatunyang'anya!”

Nasikia sauti nyingine, na hii ni ya mtu wa Walikale aliyetembea na pikipiki yake siku 2 katika matope. Asema: “Mnatuambia habari za sheria za Wazungu. Sisi tukikutana na barieri, hakuna kamera wala barua. Kuna kamba iliyovutwa njiani, na mkono ulionyoshwa. Tuwape ukweli watu hawa?”

Neno hili ni la haki. Watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji, katika taarifa yao ya mwaka 2017, walihesabu vizuizi vya njiani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mtu anayetolewa fedha kwa nguvu, pasipo kosa lolote, hakutenda dhambi, ametendewa. Hana deni la dhamiri kwa mnyang'anyi wake, wala asijilaumu kwa kutoa ili apite salama.

Lakini tuwe waangalifu. Unyang'anyi wa wengine waweza kuwa pazia zuri la kufichia makosa yetu wenyewe. Motari aliyepakia watu 3 na magunia, akashuka mbio, akamgonga mtoto, kisha akampa askari kitu kidogo na kwenda zake, huyu hakunyang'anywa. Amenunua. Amenunua kimya. Na tazameni ile noti imekwenda wapi: imempita mtoto aliyeumia, imempita mama yake, imeingia katika mfuko wa mtu ambaye hakupoteza kitu. Ndiyo alama ya kutambulia rushwa: humlipa asiyedai, na kumwacha anayedai. Faini ya haki yalipwa mbele ya watu, yaandikwa, na mwenye kuumia aangaliwa kwanza.

Je, asiyenaswa hana deni?

Sasa twafika kwenye kiini cha mambo. Katika njia zetu nyingi hakuna jicho la mashine. Je, yule kijana wa chukudu, kama wazee wasingalifika kwake, angekuwa huru?

Mkumbukeni Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Hakuna aliyemshtaki siku ile, wala hakuna hakimu aliyemwita. Alisimama mwenyewe, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakusubiri kunaswa. Deni lake halikuanza siku ya kuonekana. Lilianza siku ya kutwaa.

Nanyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, shikeni neno hili vema. Ubatizo huziondoa dhambi zote. Lakini deni la mayai bado lipo. Mwenye kutoka majini akiwa safi, na huku mama yule bado anachechemea, anayo safari moja ya kufanya kabla ya sherehe yake kukamilika. Hakuna kamera itakayompeleka. Itampeleka dhamiri, ile ambayo, kama chombo cha Gatsonides, kazi yake ya kwanza ni kumpima mwenyewe anayeishika.

Basi mtu aliyekosa afanye nini? Mambo 4 yatosha. Kwanza, ajibu upesi na kwa maneno machache: “Ni mimi.” Pili, amtazame aliyeumia kabla ya kutazama aibu yake. Tatu, alipe kilichoharibika, si kwa siri mkononi mwa asiyehusika. Nne, arekebishe breki.

Kijana wetu akifanya hivyo, atapoteza faida ya magunia mawili matatu, na kwa muda watoto watamcheka njiani. Lakini siku moja utazuka ugomvi wa shamba, na wazee watatafuta mtu wa kushuhudia mpaka ulipokuwa. Watamwita yeye. Nao watasikiliza, kwa kuwa siku ile ya mayai walimwuliza neno moja, naye akajibu kweli.

Maswali ya kujiuliza

1. Nikikosa, jambo la kwanza nitazamalo ni nani aliyeumia, au ni nani aliyeniona?
2. Yuko mtu aliye chini yangu ambaye nimemtwika kosa langu?
3. Je, nimewahi kuuita upendo kile kilichokuwa uongo tu?
4. Kuna mlango gani hapa kijijini ambao ninapaswa kuubisha kabla ya Pasaka?